Sura ya Kumfisha Tamsin

Jumatatu, 2 Machi 1868
Barua kutoka London. Bwana Cutbill, mhariri wa gazeti la hadithi, amesoma sura zangu za mwisho — hadi leo hajui kuwa mimi ni mwanamke. Anasema Tamsin, mhusika wangu mkuu, hawezi kumwacha mumewe, akafundisha piano ugenini, akaishi raha mustarehe. Akina baba hawatawaruhusu binti zao kulisoma gazeti. Ama arudi kwa mumewe apige magoti, ama afe. Kichomi kinatosha. Anataka sura hiyo ifike kabla ya wiki kwisha.

Jumanne, 3 Machi
Nimemdadisi Mama Pask, mpishi wetu, akiwa anakanda unga. Huifuata hadithi kila wiki, hajui ni yangu. Akacheka. "Mke amkimbie mume, kisha anenepe? Labda kwingine, Bibi Lavinia. Hadithini lazima akohoe."

Lakini dada yangu Philippa alinenepa! Nilimwona Boulogne, Ufaransa, miaka tisa iliyopita — vidole vina wino, anakula mkate na siagi dirishani, anaimba kwa sauti ile ile iliyokuwa ikituvuta bustanini hata mvua ikinyesha. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hapa nyumbani jina lake halitajwi tangu amkimbie mumewe. Kaka yetu Edmund, kasisi, alilifuta kwenye Biblia ya familia, palipoandikwa majina yetu sote.

Alhamisi, 5 Machi
Nimemlaza Tamsin kitandani. Nimempa kikohozi. Mkono haukubali.

Utotoni nilimsuka Philippa nywele kila asubuhi, naye akinisimulia habari za wanawake wanaovuka bahari peke yao. Hakufa hata mmoja. Kuwaua nilijifunza baadaye, ili nichapishwe.

Ijumaa, 6 Machi
Nimemuua. Kurasa nne. Maua meupe, machozi, kila kitu. Nikaziacha mezani, nikaenda kutembea.

Kurudi — Edmund yuko kitini mwangu, kurasa mikononi. Nilidhani atazitia motoni. Hakuuliza tangu lini naandika, wala jina la kiume pale juu ni la nani. Macho mekundu.

"Huyu ni Philippa," alisema. "Amekufa lini? Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia yu hai. Yuko Boulogne, ana wanafunzi kumi na wawili, aliniandikia Krismasi.

"Basi kwa nini umemzika?"

Ameshuka na kurasa zote nne. Namsikia chini, anatembea huku na huku. Gari la posta linaondoka saa kumi, na sasa ni saa tisa. Nimechukua karatasi safi, naandika upya: Tamsin aliamka akiwa na njaa, na —