Hatua Sitini Kutoka Chemchemini

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila goti nililotoka nalo jeshini linanisumbua kila mvua ikitaka kunyesha. Babu yako hajambo. Anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Wewe je, kifua kimepona? Na hapo gereji bado mnashinda chini ya malori?

Mimi nakimbizana na siku. Asubuhi nakamua ng'ombe, napalilia, kisha navua mabuti ya shamba navaa viatu vya udiwani. Mchana kikao, jioni mabuti tena. Watu wananiita Afande Diwani, na sikatai.

Habari kubwa ni chemchemi. Maji yamepungua mpaka ndoo zinapangwa foleni kutwa, kwa sababu watu wamelima hadi mdomoni mwake. Tukapitisha sheria ndogo: hakuna kulima ndani ya hatua sitini. Tulitangaza, tukangoja, hakuna aliyeng'oa hata jani. Basi juzi nikaenda mwenyewe na vijana wa mgambo. Tulianza na maharage ya yule mjane mshona nguo, maana ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na maji. Alipiga kelele, nikamwambia asimame kando. Kazi ilikwisha haraka, pakawa safi kama uwanja wa gwaride. Kuona hivyo, wengine wakaanza kung'oa wenyewe.

Babu yako hakuniuliza kitu. Alikula akaenda kulala.

Jitunze, vaa kitu kizito kifuani.

Ni mimi mama yako.


28 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima, na babu pia, mpe shikamoo zangu. Kifua kimepona na kazi ipo. Ningeweza kupiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitameza maneno, kwa hiyo naandika.

Kuna video, mama. Fundi mwenzangu aliileta wakati wa chai, gereji nzima ikakusanyika. Umesimama mikono nyuma, vijana wanang'oa, na yule mama amepiga magoti anaokota maharage mabichi anayatia kwenye pindo la nguo yake. Wewe unasema, "Songa! Songa!" Watu wakacheka, wakaanza kukuiga sauti. Mmoja akaniuliza, "Huyu si wa kwenu?"

Nikasema simjui.

Naona aibu kwamba nimekukana, na naona aibu kwa nilichokiona, wala sijui ipi nzito zaidi. Miaka yote uliyokuwa kambini mimi nilikuwa kwa babu, na mama huyo ndiye aliyenishonea kaptula za shule. Kila nilipozichana alizishona upya, akinisema huku ananicheka.

Sina zaidi kwa leo.

Mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Pokea salamu. Ng'ombe wazima, babu yako mzima wa mwili. Mimi nipo. Nisamehe kwa kimya. Nilianza kukuandikia mara kadhaa nikachana. Ya kwanza ilikuwa ya kukugombeza.

Wiki iliyopita afisa wa mazingira alikuja kupima kwa kamba, maana halmashauri wanataka kuweka vigingi vya saruji. Watu walijaa kutazama, yule mjane akiwemo. Nami kwa kuwa ndimi diwani, nikashika ncha ya kamba. Ikapita kwa jirani, ikavuka mfereji, ikaingia kwetu. Magimbi ya babu yako ya bondeni, karibu yote, yalikuwa ndani ya mpaka.

Napita pale kila siku na ndoo ya maziwa. Haikuwahi kunijia akilini kwamba sheria ile ingeweza kufika kwetu.

Watu wakanigeukia. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Afande, toa amri!" Wakacheka.

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mimi niliyekuwa nasikika mpaka ng'ambo ya kambi! Babu yako akamgeukia afisa. "Mpaka wapi?" Akaonyeshwa. Akakunja suruali, akashuka bondeni, akaanza kung'oa kwa mikono yake. Nikashuka kumsaidia. Hakunitazama. Alisema tu, "Simama kando."

Nikasimama. Mzee wa umri ule, tope hadi magotini, anang'oa magimbi ambayo hayajakomaa, na mimi bado nimeshika kamba. Waliokuwa wakicheka waliondoka mmoja mmoja, hawakutaka kuona mwisho wake.

Tangu siku hiyo hasemi nami. Chakula anapokea, shikamoo anaitikia kwa kichwa. Kwenye vikao nakaa nyuma karibu na mlango. Nafikiria kuachia udiwani nibaki na ng'ombe, wao hawashiki simu.

Kuhusu kunikana, sikulaumu. Siku ile pale bondeni, hata mimi ningeulizwa ningesema simjui.

Mama yako.


11 Juni

Mama, shikamoo.

Pole, mama. Pole sana. Barua yako niliisomea chini ya lori ili wasinione uso.

Jana niliwaambia pale gereji kwamba yule ni mama yangu. Nilidhani watacheka. Fundi mwenye ile video akaifuta mbele yangu, akasema, "Ungetuambia mapema, bwana," akarudi kwenye kazi yake.

Usiachie udiwani. Sheria si mbaya, nasikia maji yameanza kurudi. Nenda kwa mama mshonaji. Usiende na mgambo wala hotuba. Babu mwache kwanza. Amenilea, namjua, hasukumwi.

Mwanao akupendaye.


6 Julai

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi tunaendelea, na maji yanaendelea pia, foleni imepungua.

Nilikwenda. Nilizunguka nyumba yake kama mwizi kabla ya kupiga hodi. Cherehani haikunyamaza.

"Pita," akasema, "mlango huu serikali haijaufunga."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Kwa ajili ya sheria?"

"Hapana. Sheria ningeipitisha tena. Kwa nilivyokutendea."

Akakata uzi kwa meno. "Ulifika shambani kwangu hukunisalimia. Ulinipita kama kisiki. Maharage ningepanda mengine."

Nilitazama chini.

Akaendelea kushona, kisha akasema, "Nina kipande huko juu, kigumu, hakijalimwa tangu mume wangu afe. Mgongo wangu haukiwezi."

"Nitakilima."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Jembe liko nyuma ya mlango."

Basi nalima, mwanangu. Wapita njia wananiona, wengine wanasimama kabisa kunitazama. Uso unaniwaka, lakini sishuki. Kwenye baraza nimeomba wote waliopoteza mashamba wagawiwe ile ardhi ya halmashauri iliyolala bure. Wamesema watajadili. Nitawauliza tena, na safari hii nakaa mbele.

Juzi babu yako alitokea na jembe lake. Akamsalimia mwenye shamba, akamuuliza hali ya macho yake, akaanza kulima upande wa pili. Mimi hakunisemesha.

Leo jua lilipokuwa kali akaketi kwenye tuta, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa chupa ya maji. Akanywa, akaifunga, akatazama nilikotoka.

"Umepindisha mstari," akasema.

Nikageuka. Kweli ulikuwa umepinda, tena vibaya. Nikarudi mwanzo nikaanza upya.

Mama yako.