Nyasi Nilizotandaza Chini ya Mipundu

Panda, Likasi
Tarehe 17 Septemba 2023

Mpendwa yaya Gaëlle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Na watoto, kikohozi kimewaacha? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Kubeba mawe ya shaba kutwa nzima si mchezo, na vumbi la huku halina huruma.

Najua unangoja neno moja: kama nitafika Desemba tumalize matanga ya mama. Nitakujibu, lakini kwanza usikie nilichofanya.

Nyuma ya nyumba zetu kuna pori. Kila kiangazi watu hulichoma wakiwinda panya, na moto hutufikia hadi ukutani. Mikaratusi iliyokuwa pale iliwaka kama imepakwa mafuta. Ndiyo maana Papa Barthélemy, mkubwa wa avenue, mtaa wetu huu, alituita tupande mipundu na misuku, miti ya pori lilelile. Mupundu hubaki kijani hata vingine vyote vikikauka. Msimu wa mvua uliopita tulipanda mistari mitatu, kila nyumba na sehemu yake. Amri ilikuwa moja: kiangazi kikiingia, udongo chini ya miche ubaki mtupu.

Nilisikia, nikacheka moyoni. Kwetu Kabare, nani huacha mche uchi? Mama alitufundisha kufunika mashina ya migomba kwa nyasi ili udongo usikauke. Basi kila Jumapili baada ya ibada nilikata nyasi, nikatandaza. Miche yangu ilipendeza kuliko ya wote. Nilijivuna, yaya.

Agosti moto ukaja. Kwa wengine ulikuta udongo mtupu, ukafa. Kwangu ulipita juu ya nyasi zile, ukala miche yote arobaini, kisha ukaingia kwa jirani yangu, Mama Émérence. Jiko lake liliungua pamoja na mahindi ya mwaka mzima. Mkono wake wa kulia umebabuka. Mpaka leo hawezi kusonga bukari, ugali wa huku.

Watu walisema ni upepo. Niliwaacha waamini hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikakiri mbele ya wote kwamba ni nyasi zangu. Mama Émérence alinitazama sana.

"Pitshou, moto iko mugeni tu. Weye njo ulimutandikia mukeka!"

Watu walicheka kusikia kwamba mimi ndiye niliyeutandikia moto mkeka. Yeye hakucheka. Akaniambia nitapanda tena, na kwamba mvua ikishika anione pale kwa macho yake, si kwa salamu za kutumwa.

Mvua hushika Novemba. Desemba magugu hukua haraka kuliko miche, na mimi nina Jumapili tu za kupalilia. Nimempa neno langu. Kwa hiyo sitafika. Mdogo wetu Théophile asimame mahali pangu kaburini, na kama ni kunyoa nywele za matanga, nitanyoa huku siku hiyohiyo. Wakiuliza, usiwaambie kazi imenizuia. Waambie niliunguza jiko la jirani.

Nisalimie shangazi Élisabeth, binti yako Mimi, na Théophile. Mungu awape mavuno, na usingizi usio na hofu.

Ni mdogo wako akupendaye, hata anapokukosea,

Pitshou