Ng'ombe wa Miguu Mitano

Jumanne, kabla ya isha

Apana, leo sikunyamaza.

Direkta, mkuu wa ile shule ya mtaa wa Kamenge, alinitazama usoni akasema hawajawahi kunakili kitabu changu cha hesabu. Eti karatasi za wanafunzi walizikuta tu sokoni. Nikachukua moja mezani kwake. Pembeni ya picha kuna mwandiko wangu: «Ng'ombe huyu ana miguu mitano, nimchore upya.» Wamepiga fotokopi nakala yangu mwenyewe, niliyomuazima mwalimu wake. Darasa zima la kwanza linahesabu kosa langu.

Akacheka kidogo. «Mama Zuhura, si ni kwa ajili ya watoto?»

Ndiyo, ni kwa ajili yao. Lakini mchapaji hatanitolea kitabu kilichosahihishwa kwa sifa tu, bila pesa. Shule zikilipia ruhusa ya kunakili, kitatoka. Zisipolipia, watoto watabaki na mguu wa tano.

Naogopa kidogo. Direkta hawa wanajuana wote, na mi nahitaji shule zao.

Hata hivyo nilimwekea fomu ya ruhusa mbele yake. Akaipokea kwa adabu, akamuita karani: «Kaipige fotokopi.»

Nikaiwekea mkono juu.

«Hii apana, bwana direkta. Hii unasaini.»