Kila Jioni Nalisingizia Basi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana hili nimejitakia mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Gisenyi, nyumbani ni Cyanzarwe, na basi letu hutoka gare, yaani kituo cha mabasi, saa kumi na moja na nusu, halichelewi hata kidogo, dereva wake Mudathiru ni mtu wa saa, lakini mimi siku nyingi naliacha liondoke, nakaa kwenye benchi kule yanakopakia mabasi ya Kigali, sina mwanamume mwingine, naapa, nakaa tu kwa sababu pale hakuna anayeniita, nyumbani kuna watoto watatu na mama mkwe asiyeweza kujigeuza kitandani na sufuria zote zinanisubiri mimi, basi napanda la saa moja, na mume wangu Kimenyi akiuliza namwambia dereva amekataa kuondoka mpaka basi lijae.

Nimesema hivyo miezi minane. Kumbe Kimenyi alikuwa ananihurumia, akaenda kumshtaki Mudathiru kwa wakubwa wake, na kwa kuwa dereva huyo alikuwa na onyo la zamani, Ijumaa hii wanaamua kama watamfukuza. Jana Mudathiru aliniona kwenye benchi akaniuliza taratibu, "Mama, leo tena haupande? Nafasi iko." Hajui aliyemshtaki ni mume wangu. Nikisema kweli, Kimenyi ataamini vipi kwamba nilikuwa nimekaa tu?

Cansilde, Cyanzarwe

Cansilde, pole. Kutwa nzima kwenye cherehani, kisha kupika na kumgeuza mgonjwa, hata mimi ningeitafuta hiyo benchi. Kupumzika si kosa. Lakini mama, mwenzako anakuwekea nafasi, nawe unamtazama usoni na kunyamaza huku kazi yake inaondoka kwa ajili yako? Hapo umenikera.

Kimenyi huenda akanuna, huenda akauliza maswali mabaya. Yajibu yote, umeyataka. Ila mtu aliyefunga safari kwenda kukutetea anaweza pia kumgeuza mama yake mwenyewe. Umewahi kumwomba? Katika barua yako sijaona.

Leo hii, usingoje Alhamisi, panda basi la saa kumi na moja na nusu. Ukifika, kabla hujashika sufuria, mwambie. Kesho asubuhi mwende wote wawili kwa wakubwa wa Mudathiru mkafute mashtaka, kisha umwombe radhi yeye mwenyewe, kwa mdomo wako. Halafu mpangiane siku za kumhudumia mgonjwa, nawe upate zako za kukaa.

Na Kimenyi akiuliza ulikuwa ukifanya nini pale gare, usitafute maneno mazuri. Mwambie ulikuwa umechoka, ukaona aibu kumwambia.