Mama Alivyojifunga Kisutu kwenye Ngoma ya Wabali

Wembley, London
23 Agosti 1998

Mpendwa wifi yangu Raya,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, shemeji Kombo na watoto, na yale mafua ya kitinda mimba wako yawe yameshamtoka. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Mbarouk analalamika mgongo, lakini amelalamika tangu aliponioa, kwa hiyo usimhurumie sana. Zahra yuko likizo na amerefuka mpaka sketi zote za mwaka jana zimemkataa. Wiki hii jua limetoka, na Waingereza wamevua mashati barabarani kana kwamba wameambiwa ndiyo la mwisho.

Najua salamu hizi umezisoma harakaharaka, macho yanatafuta jina la Mama. Nakuja huko, nipe nafasi ya kukushukuru kwanza.

Ahsante kwa kisutu. Mbarouk alipofungua begi la Mama siku alipofika, akaikuta chini kabisa kanga yake ya harusi, nyekundu na nyeusi, aliguna. Mjane ametoka eda juzi, akasema, Raya amemfungia kisutu cha nini? Mimi nikakikunja nikakiweka kabatini. Sijui ulikuwa unafikiri nini ulipokitia, na pengine hukufikiri lolote, ulikiona kinakaa bure tu. Lakini Mungu akulipe, wifi yangu, kwa sababu kisutu hicho kimefanya kazi ambayo sisi tulioko hapa tulishindwa.

Uliniuliza umwambie nini Mwalimu Protas, anayetaka kuipanga nyumba ya Mama kabla shule yake haijafungua. Jibu limechelewa, lakini limo humu. Unakumbuka maneno ya Mama baada ya Baba kufariki, na hata hapa alipofika aliyarudia kabla hajavua viatu: "Mie nyumba ile siingii tena. Pangisheni, uzeni, fanyeni mtakavyo." Na tangu mwezi wa Mei alikaa chumbani karibu na dirisha. Anasali, anakunywa uji kidogo, anarudi dirishani. Nilimtafutia nguru mpaka Edgware Road, nikampikia kwa nazi kama apendavyo, akaonja akashukuru akasukuma sahani. Kutoka nje hataki. Alikuwa haumwi, na alikuwa si mzima. Nikikuandikia "Mama hajambo" nilikuwa najikaza.

Sasa sikiliza. Jirani yetu anaitwa Pravin, Mhindi, fundi wa saa, lakini amezaliwa Chake, kwetu Pemba, na Kipemba chake kinanishinda mimi. Hekalu lao haliko mbali na hapa, na mwezi huu lilipata wageni kutoka Bali, kile kisiwa cha Indonesia, ambao nao ni Wahindu lakini wa namna yao. Pravin akaja mlangoni, akamwamkia Mama shikamoo, akamwambia Jumamosi alasiri Wabali watacheza ngoma yao ya asili katika uwanja wa hekalu, na kiti chake ameshakiweka. Mbarouk akauliza kama kuna ibada. Pravin akasema ibada ni asubuhi, alasiri ni ngoma tu na chai. Mtu wa Chake amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, kumkatalia ni tabu. Mama akasema atakwenda akae kidogo.

Mbarouk alikuwa zamu hospitali, kwa hiyo tulikwenda wanawake watatu. Mama alisema ana baridi, mwezi wa Agosti huo, nikatoa kisutu kabatini nikamfunika mabegani juu ya sweta. Sikuwa na nia nyingine.

Tulipofika tukavua viatu, jambo ambalo lilimpendeza. Mlangoni alisimama mama mmoja wa Kibali, mtu mzima, ana ua sikioni, anampa kila anayeingia kitambaa cha manjano ajifunge kiunoni. Mimi nikajifunga changu, Zahra akajifunga chake kwa kununa. Mama akakiangalia kitambaa, akakirudisha kwa adabu. Akavua kisutu mabegani, akakikunja kwa urefu, akajifunga kiunoni barabara, fundo la ubavuni, kama mtu anayejua anachofanya. Yule mama wa Kibali akamwinamia kichwa na viganja vimekutana.

Ngoma yenyewe nitakuelezaje? Wanaume wamekaa chini, mbele yao vyuma vya shaba vimepangwa, wanavigonga kwa nyundo ndogo, wote pamoja, kwa kasi ambayo sikuelewa vipi hawagongani. Ukisikia mara ya kwanza unadhani masinia yameanguka jikoni, halafu sikio linazoea na hutaki wanyamaze. Wakatoka wasichana wamevaa mavazi ya dhahabu, kila mmoja ameshika bakuli la maua. Miguu yao haina haraka. Kazi yote iko vidoleni, shingoni na machoni. Jicho linakwenda upande huu, shingo inalifuata, vidole vinatetemeka, kisha wanachota maua wanayamwaga mbele yao kuwakaribisha watu.

Nikasikia mkono wa Mama umenishika goti. "Hawa wamefunzwa," akasema.

Raya, tangu afike hapa hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kusifu kitu bila kuulizwa. Kabla sijamjibu akainuka. Nilidhani anataka msalani, nikainuka nimshike mkono. Akanipita. Akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safu ya wale wasichana, akasimama, akasubiri mdundo, akanyanyua mikono.

Wewe umezaliwa Mama ameshaacha kucheza, lakini marehemu mama yangu alikuwa akisema Wete haijapata mtu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, kama Zuwena wetu huyu. Mimi nilidhani ni sifa za mashoga. Alicheza lelemama yake ile ile, taratibu, mikono na shingo, uso umetulia, ndani ya mlio wa Wabali, na haikuwa mbali na yao hata kidogo. Zahra akanivuta nguo: "Mum, make her sit down, everyone's looking." Anataka nimkalishe bibi yake, na kweli watu wote wanatazama, nami natafuta pa kuuficha uso wangu. Pravin nyuma yetu akasema, "Mwache, dada. Mwache acheze."

Wapigaji hawakusimama. Msichana wa mwisho safuni akamgeukia na kumsogezea bakuli lake bila kuukosa mdundo. Mama akachota maua, akamwaga. Nililia, Raya, wala sikujificha.

Walipomaliza, yule mama wa Kibali wa mlangoni akaja akamkumbatia, na mke wa Pravin akatueleza, huku anacheka, kwamba kile kitambaa kwao ni heshima ya mahali patakatifu tu. Aliyejifunga hakuitwa kucheza. Mama hakuona haya hata chembe. "Kwetu mwanamke akipewa nguo mlangoni ajifunge, ndiyo kaambiwa acheze," akasema. "Sasa mtu afungwe kiuno bure?"

Kumbe maua mengine alikuwa ameyafunga kwenye pindo la kisutu. Nyumbani akayafungua, akayaweka kwenye kisahani, akayanusa. "Maua ya huku hayanuki," akasema. Halafu akaniuliza, "Ile asumini yangu ya mlangoni nani anaimwagia maji?"

Nikamwambia labda ni Raya. Akatikisa kichwa. "Raya humwagia mchana. Itaungua. Hamad alikuwa akimwagia jioni, baada ya alasiri." Jina la Baba hakuwahi kulitaja tangu alipofika. Akaendelea kumtaja mpaka chai ikapoa, alivyoipanda ile asumini, alivyogombana na mbuzi wa jirani kwa ajili yake. Akala wali, akaongeza. Asubuhi akamwambia Mbarouk amtafutie ndege.

Mbarouk alimsihi angoje mpaka mwakani. Akamjibu, "Kwani mie mgonjwa?" Basi atasafiri mwishoni mwa Septemba, inshallah, na Pravin na mkewe ndio watakaotupeleka kiwanja cha ndege kwa gari lao. Ona nilivyochanganyikiwa. Nimefurahi na ninaumia pamoja, maana sasa ndiyo nimempata mkwe wa kuzungumza naye, na ndiyo anaondoka. Kila alasiri yeye na Zahra wanasimama sebuleni. Bibi anafundisha kwa Kiswahili, mjukuu anajibu kwa Kiingereza, na mikono inakwenda pamoja. Nashukuru kwa hilo, na kwa mtu wa Chake aliyekuja mlangoni, na kwa wageni ambao wangeweza kumwonesha mzee wetu kiti chake wakampa nafasi safuni.

Kwa hiyo nyumba usimpe mtu. Mwombe radhi Mwalimu Protas, mtafutieni kwingine. Mfikishie salamu zangu shemeji Kombo, Bi Mgeni na wanawe, na watoto wako mmoja mmoja kwa busu. Mwenyezi Mungu aufungue mlango wenu kwa kheri kila unapofunguliwa.

Wako akupendaye siku zote,
Mwatima

Barua nilikuwa nishaifunga, Mama amenifanya niifungue. Anasema andika: "Asumini imwagiwe jioni. Na mlango usitiwe kufuli, mwenyewe yuaja."