Simu Uliyoingoja, Alcide Morneault

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu jioni ile ya Machi ulipotutoka wodini, theluji ikiwa bado imefika madirishani.

Kiti chako jikoni kiko palepale, chini ya simu ya ukutani. Mpaka Jumapili iliyopita hakuna aliyekikalia. Hata Réjean, mwanao, ambaye hukaa popote, siku hizi hula amesimama.

Habari za vita ulitupa kwa ufupi sana. Ulikuwa na miaka ishirini, umebeba redio ya kikosi mgongoni huko Vietnam, na ulijifunza kwamba mwito usipojibiwa, watu hufa. Uliporudi bondeni kwetu, kaskazini mwa Maine, ulilima viazi miaka thelathini. Kisha majirani wakakutuma Augusta uwe mbunge wao katika bunge la jimbo, nawe ukaenda na somo lilelile. Simu ikilia wakati wa chakula, uliweka kijiko chini. "Kuna mtu upande wa pili," ulisema, ukanyanyuka.

Tunakumbuka Bi Ouellette alivyokupigia asubuhi ya tufani.

"Alcide, theluji imeziba mlango wangu, na wewe umekaa tu huko!"

"Bi Ouellette, mimi ni mbunge, si koleo."

"Nilikupigia kura. Njoo na koleo."

Ulikwenda. Ulirudi na sufuria ya maharage, ndevu zimeganda, unacheka peke yako.

Kila Jumatatu, ukielekea bungeni, ulijaza gari lako askari wastaafu wenzako na kuwashusha kwenye hospitali yao, mwendo wa saa tano. Dawa zilimtapisha Lucien Cyr njia nzima. Ulimwekea ndoo yenye jina lake. Ndipo ukaandika mswada wako: basi dogo la jimbo liwachukue watu hawa, hata siku ambayo wewe hutakuwepo. Uliupeleka bungeni miaka mitatu, na mara zote tatu ukaanguka.

Mwaka wa nne, moyo wako uligoma wiki ileile ya kura. Harlan Stowe, mbunge wa pwani na mvuvi wa kambakoche, aliyekupinga mara zote tatu, akaja wodini na kofia mkononi. Bungeni kwenu mna desturi: mbunge akiugua, mpinzani wake anaweza kufungana naye. Huyo mzima naye hapigi kura siku hiyo, ili pengo la mgonjwa lisimpe mtu ushindi. Hakuna karatasi. Ni mkono kwa mkono.

"Bado naona mswada wako ni upuuzi, Morneault."

"Najua, mkaidi wewe. Utafungana nami?"

"Unadhani nimeendesha gari siku nzima nije kunywa supu ya hospitali?"

Mkashikana mikono. Akaahidi kukupigia mwenyewe, matokeo yawe yoyote.

Haya yanayofuata Corinne, binti yako, alitueleza wiki iliyopita tu. Ameomba yaandikwe hapa, mbele ya wote waliokujua.

Siku ya kura ulilala tangu adhuhuri. Corinne alikaa nawe, simu yako mfukoni mwake. Saa tisa Harlan akapiga. Corinne akatoka nje ya chumba. Alisikia watu wakifoka nyuma ya Harlan, na sauti ya Harlan mwenyewe iko chini, akaamini mswada umeanguka tena. Hakumpa nafasi ya kusema. "Amelala, Bwana Stowe. Piga kesho." Akaizima simu.

Saa kumi na moja ulifumbua macho.

"Harlan kapiga?"

"Bado, Baba."

"Atapiga. Yule ni mkaidi, lakini si mwongo."

Ukafumba macho. Sahani za chakula cha jioni zilipoletwa, ulikuwa umekwenda.

Corinne alitaka upumzike tu. Neno hilo "bado" amelibeba mwaka mzima. Simu ya jikoni ikilia, alikuwa akitoka nje, nasi hatukujua kwa nini. Mama aliposikia hakumkaripia. Alimvuta kichwa akakilaza kifuani pake, wakalia mpaka chapati zikaungua kikaangoni, na hakuna aliyeziepua.

Basi dogo lilianza Novemba. Husimama mbele ya nyumba yetu kabla hakujapambazuka. Lucien hupanda na ndoo yake.

Ulimuuliza Corinne swali, Baba, na hili ndilo jibu lake. Harlan alipiga. Mswada ulipita, kura sabini na mbili kwa sabini na moja. Angepinga, zingelingana na mswada ungekufa. Alikaa mikono mapajani, wenzake wakimfokea, hakufungua mdomo. Kelele alizosikia Corinne zilikuwa zao.

Wanaokulilia ni mkeo Noëlla, wanao Réjean na Corinne, wajukuu zako Mathieu na Odile, rafiki yako Lucien Cyr, na Harlan Stowe, aliyepiga Jumapili kuomba jina lake liwemo humu. Corinne ndiye aliyepokea, amekaa kwenye kiti chako, na safari hii alimwacha aseme mpaka mwisho.

Daima tunajua, Baba, kuna mtu upande wa pili.