Mkono wa Mzee Kashindi

Jumanne, Uvira.

Zilibaki siku sita tu. Dokta, kabla ya kukimbilia Bujumbura, alikata kansa kwenye shavu la Mzee Kashindi, akamshonea mkono usoni ili ngozi ya mkono ishike na kuziba tundu. Kisha akaniachia mimi, nesi wake, nihesabu siku hadi ngozi ishike na mkono utenganishwe na uso.

Leo waasi wameingia chumba cha wagonjwa. "Mikono juu." Mzee akainua mmoja.

"Weye, wa pili uko wapi?" mkubwa wao akauliza. Nikamweleza yote. Akamwelekezea mzee bunduki. "Mama, kata, ama nipige."

Nikakata ile ngozi iliyounga mkono na shavu kwa makasi yangu. Ngozi itakufa, najua. Chai itakuwa inamvujia kwenye tundu la shavu.

Wakatoka. Mzee, damu shingoni, mikono yote miwili juu, akaniuliza polepole: "Mama, sasa naweza kushusha?"